Hesabu Kwanza, Mkunjo Baadaye



Mwaka 2005 huko Marekani ulikamilika mchemraba wa karatasi ulioanza kukunjwa mwaka 1995. Kila upande wake una urefu wa mita 1.4 hivi, uzito wake ni takriban kilo 70, na umejengwa kwa kadi za biashara 66,048, zile kadi ndogo ambazo mtu humwachia mwenzake ili ajue jina lake na namba yake ya simu. Ndani yake hamna gundi, hamna uzi wala pini. Kadi imeishika kadi, na hiyo imeishika nyingine, mpaka ya mwisho. Aliyeubuni na kuusimamia ni Jeannine Mosely, mhandisi wa programu za kompyuta mwenye shahada ya uzamivu kutoka MIT. Hakukunja peke yake. Aliwaita wengine, na mikono mingi ya watu ambao hawakuwahi kujiita wasanii ilikunja kadi zilezile kwa mkunjo uleule.

Ninalotaka kulieleza jioni ya leo ni jambo moja. Mtu anapoona umbo kama lile husema, vidole vya huyu vina ustadi wa ajabu. Mimi nasema vidole vilifanya kazi rahisi ambayo mtoto wa darasa la nne anaiweza. Ustadi ulikuwa mahali pengine: mtu alikaa chini akahesabu kabla hajagusa kadi ya kwanza. Alijua anahitaji kadi ngapi, kila kadi itakaa wapi, itashikwa na nini, na itabeba mzigo gani. Hesabu ilitangulia, mkono ukafuata. Kwa kuwa wengi wenu ni walimu wa hisabati, nitaiendea hesabu hiyo hatua kwa hatua, na nitaomba mnivumilie pale nitakapowaomba mtoe kalamu mifukoni.

Wengi wetu tukisikia neno origami tunamfikiria ndege: karatasi moja ya mraba, haikukatwa, haikutiwa gundi, inageuka korongo mwenye mabawa. Hiyo ndiyo njia iliyopewa heshima kubwa na Akira Yoshizawa, fundi wa Kijapani aliyezaliwa mwaka 1911 na kufariki mwaka 2005, na ambaye alama zake za mishale na mistari ya vitone bado hutumika katika vitabu vya kukunja karatasi duniani kote. Lakini kuna tawi la pili, nalo ndilo letu leo. Hapa karatasi ni nyingi. Kila moja inakunjwa kuwa kipande kidogo kisicho na sura ya kuvutia, na uzuri hutokea vipande vinapokutana. Tawi hili si geni: katika kitabu cha Kijapani cha mwaka 1734 kiitwacho Ranma Zushiki mna mchoro wa mchemraba wa karatasi uliounganishwa kwa vipande. Baadaye likanyamaza muda mrefu, hadi miaka ya 1960 lilipoamka tena Japani, na kipande kilichoenea kuliko vyote kikabeba jina la Mitsunobu Sonobe. Tomoko Fuse, aliyezaliwa mwaka 1951, ndiye aliyelifikisha mbali kwa vitabu vyake vya masanduku na mipira ya vipande.

Kipande cha Sonobe hukunjwa kwa mraba wa karatasi. Unaukunja katikati na kuufungua, unaleta kingo mbili zikutane kwenye mstari wa katikati, unaingiza pembe mbili zinazotazamana, kisha unakunja ncha za upande huu na upande ule na kuzichomeka chini ya mikunjo iliyotangulia. Ukimaliza una msambamba bapa. Ukiugeuza unaona una ncha mbili na, upande wa pili, mifuko miwili. Ncha hizo nitaziita ndimi. Ulimi wa kipande kimoja huingia katika mfuko wa kipande cha jirani. Hiyo ndiyo siri yote ya ujenzi huu: kila kipande kinatoa mara mbili na kupokea mara mbili.

Sasa, vipande vingapi? Hapa ndipo mtu mwenye haraka hujikuta ana vipande vingi visivyofunga umbo, kwa sababu idadi haichaguliwi ovyo. Chukua umbo lolote lenye nyuso za pembetatu tupu. Kwa kila ukingo wa umbo hilo unahitaji kipande kimoja. Umbo la nyuso nne lina kingo 6, na vipande 6 vya Sonobe vinakupa mchemraba. Umbo la nyuso nane lina kingo 12, na vipande 12 vinakupa nyota ya piramidi nane. Umbo la nyuso ishirini lina kingo 30, na vipande 30 vinakupa ule mpira wenye miiba ambao huenda mmeuona ukining'inia kwenye dirisha la duka la vitabu. Kila piramidi imeundwa na vipande vitatu, na kila kipande kinagusa piramidi mbili. Kwa hiyo 30 mara 2, gawanya kwa 3: piramidi 20. Mwanafunzi anaweza kulijua jibu hilo akiwa hajakunja hata karatasi moja. Nataka alijue mapema, kwa sababu anayejua idadi ya mwisho hukunja kwa utulivu.

Tuzungumzie gharama, maana najua shule zetu. Karatasi ya A4 ina sentimita 29.7 kwa 21. Gawanya urefu kwa tatu: 9.9. Kwenye upana zinaingia 9.9 mbili, ikabaki pembeni kamba ya sentimita 1.2. Karatasi moja imetoa miraba sita, karatasi tano zinatoa 30. Karatasi ya ofisi ya kawaida ina uzito wa gramu 5, hivyo mpira mzima haufiki gramu 25. Na karatasi hizo zinaweza kuwa za mitihani ya muhula uliopita, zilizoandikwa upande mmoja. Ndani ya mpira maandishi hayaonekani sana, na yakionekana hayaharibu kitu.

Kutoka kwenye vipande 30, kuna njia ya kwenda kwenye maumbo makubwa zaidi, na inapita kwa Leonhard Euler, yule Mswisi wa karne ya 18. Kanuni yake mnaijua: katika umbo lililofungwa kama mpira, vipeo kutoa kingo kujumlisha nyuso ni 2 daima. Umbo letu la nyuso ishirini lina vipeo 12: 12 kutoa 30 kujumlisha 20 ni 2. Sasa naomba kalamu. Tuseme tunataka umbo lenye nyuso za pembetano na pembesita tu, na kwenye kila kipeo zikutane kingo tatu. Kila ukingo una ncha mbili na kila kipeo kinashika ncha tatu, kwa hiyo vipeo ni theluthi mbili ya kingo. Weka hilo katika kanuni ya Euler: idadi ya nyuso inakuwa 2 kujumlisha theluthi ya kingo. Zidisha kote kwa 6: nyuso mara 6 ni 12 kujumlisha kingo mara 2. Lakini kingo mara 2 ni jumla ya pande za nyuso zote, yaani pembetano mara 5 kujumlisha pembesita mara 6. Futa pembesita mara 6 pande zote mbili, futa pembetano mara 5. Kinachobaki: pembetano ni 12.

Ni kumi na mbili kamili. Pembesita unaweza kuongeza nyingi, mia au elfu, pembetano zitabaki 12 zilezile. Mpira wa miguu wa mtindo wa zamani, ule wenye viraka vyeusi na vyeupe, una pembetano 12 nyeusi na pembesita 20 nyeupe. Thomas Hull, mwanahisabati wa Marekani, alibuni kipande kiitwacho PHiZZ mahsusi kwa maumbo ya aina hii, ambapo tena kila kipande ni ukingo mmoja. Kwa vipande 30 unapata umbo la pembetano 12 peke yake. Kwa vipande 90 unapata ule mpira wa miguu. Kwa 120, 210 na 270 unapata mipira mikubwa zaidi yenye ulinganifu uleule, na katika yote hiyo pembetano ni 12. Nimeona wanafunzi wakizihesabu kwa kuweka kidole kwenye kila pembetano, wakifika kumi na mbili wakarudia wasiamini. Huko kutoamini kwao nakupenda kuliko jibu sahihi lililonakiliwa ubaoni.

Mwenye tenga nyumbani kwake anaijua habari hii kwa mikono. Lile tenga la matundu ya pembesita, la kubebea kuku au matunda, husukwa likiwa bapa mradi kila tundu lina pande sita. Msusi akitaka kitako kigeuke kuwa ukuta, pale penye kona huacha njia moja, tundu likawa la pande tano, na kazi nzima ikapinda. Tenga ni nusu ya mpira, mdomo wake uko wazi, na kwa kitako chenye kona sita pembetano zake ni 6, nusu ya 12. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefundisha Msumbiji na kufariki mwaka 2014, aliandika mengi kuhusu hesabu iliyomo katika vikapu na mitego ya samaki ya kusini na mashariki mwa Afrika, na aliuona ukoo uliopo kati ya ususi wa pembesita na mpira wa miguu. Msusi wa tenga hakumsubiri Euler. Naamini tungefundisha jiometri ya nyuso vizuri zaidi kama tungemkaribisha msusi darasani, akalipwa kama mgeni wa heshima, akasuka mbele ya watoto.

Kuna hesabu nyingine ambayo haionekani mpaka uchukue karatasi za rangi. Una vipande 30 vya Sonobe, kumi vyekundu, kumi vya njano, kumi vya buluu, na unataka kila piramidi iwe na rangi zote tatu. Ukiunganisha kwa kubahatisha utakwama karibu na mwisho: piramidi inataka buluu na mkononi umebaki na nyekundu. Fanya hivi. Chora ramani ya piramidi 20, kila moja ikiwa nukta yenye majirani watatu. Tafuta safari inayopita kila nukta mara moja tu na kurudi ilikoanzia. Safari hiyo ina hatua 20, na kila hatua inavuka kipande kimoja. Vipande hivyo vipe rangi kwa zamu: nyekundu, njano, nyekundu, njano. Vipande 10 ambavyo safari haikuvigusa viwe vya buluu. Kila piramidi imeingiwa mara moja, imetokwa mara moja, na imebakiwa na kipande kimoja. Rangi tatu zimetimia. Safari ya namna hii ndiyo aliyoigeuza mchezo William Rowan Hamilton wa Dublin mwaka 1857, na hadi leo njia za aina hiyo zinaitwa kwa jina lake. Wanaopanga njia za magari ya kusambaza bidhaa mijini wanapambana na ndugu wa swali hilohilo.

Turudi kwa mama Mosely na kadi zake, maana umbo lile ndilo linalonifurahisha kuliko yote.

Mwaka 1926 mwanahisabati wa Austria, Karl Menger, alieleza umbo ambalo siku hizi linaitwa sifongo la Menger. Chukua mchemraba, ugawe katika michemraba midogo 27, tatu kwa tatu kwa tatu. Toa ule wa katikati ya kila uso, ni 6, na ule wa ndani kabisa, ni 1. Imebaki 20. Kila mmoja kati ya hiyo 20 ufanyie vivyo hivyo. Inakuwa 400. Rudia: 8,000. Menger aliendelea bila kikomo, katika mawazo, hadi umbo likakosa ujazo na eneo la nyuso zake likakosa mwisho. Mwenye karatasi lazima asimame mahali, na Mosely alisimama kwenye ngazi ya tatu.

Mchemraba mmoja mdogo unahitaji kadi sita. Weka kadi mbili kwa msalaba, kunja ncha za kila moja zinazozidi upana wa mwenzake. Huna haja ya rula. Kadi imepimwa na kadi. Kila moja sasa ni mraba wenye ndimi mbili. Kadi sita zikikumbatiana zinafanya mchemraba, na ndimi zikiwa nje. Wakati wa kuunganisha, kadi tano za kwanza zinalegea na kuanguka mkononi, anayeanza hukata tamaa. Ya sita ikiingia, kitu kizima hukaza ghafla. Michemraba miwili inayokaa ubavu kwa ubavu hushikana kwa ndimi hizo za nje. Na kila uso unaobaki wazi hufunikwa kwa kadi moja zaidi, inayochomekwa kwenye ndimi. Kifuniko hicho hupendezesha na pia huongeza nguvu.

Sasa tuhesabu. Michemraba 8,000 mara kadi 6: kadi 48,000. Nyuso zilizo wazi, za nje na za ndani ya mashimo, ni ngapi? Anza na ngazi ya kwanza. Nje, kila upande kati ya sita una miraba 8, jumla 48. Ndani, mashimo sita yana kuta nne kila moja, jumla 24. Zote 72. Ukiendelea kuhesabu hivyo, ngazi ya pili ni 1,056, na ya tatu ni 18,048. Jumlisha 48,000 na 18,048: 66,048. Idadi niliyoitaja mwanzoni mmeipata wenyewe, kwa kalamu. Hivyo ndivyo Mosely alivyoweza kuijua miaka kabla ya kumaliza.

Kwa nini hakwenda ngazi ya nne? Hesabu inajibu tena. Ngazi ya nne ina michemraba 160,000, na kadi zake zote, pamoja na vifuniko, ni 1,296,384. Sifongo hilo lingesimama zaidi ya mita nne, likiwa na uzito wa takriban tani 1.4. Lakini kinacholiangusha si uzito peke yake. Angalia kitako. Ukipanda ngazi moja, uzito unaongezeka mara 20 hivi, wakati michemraba inayokanyaga sakafu inaongezeka mara 8 tu. Ngazi ya tatu ina michemraba 512 chini, ikibeba 8,000: wastani wa 15 na kidogo kwa kila mmoja. Ngazi ya nne ina 4,096 chini ikibeba 160,000: kila mmoja ana 39 kichwani. Kadi ni zilezile, mkunjo ni uleule, mzigo umekuwa mara mbili na nusu. Ndiyo sababu tembo hana miguu ya paa, na ndiyo sababu ghorofa halijengwi kwa kukuza tu ramani ya nyumba ya chini.

Mwaka 2014 watu walipata njia ya kuikwepa sheria hiyo bila kuivunja. Matt Parker, aliyekuwa wakati huo akifanya kazi na Queen Mary University of London, na Laura Taalman wa Marekani walipanga mradi uitwao MegaMenger: masifongo ya ngazi ya tatu yajengwe katika miji mbalimbali duniani kwa wakati mmoja. Ishirini ya namna hiyo, yakiunganishwa, ni ngazi ya nne. Hayakuunganishwa, kila mji ulisimamisha la kwake, na kadi zilizotumika kwa jumla zilizidi milioni moja. Umbo moja likawa limesambaa juu ya mabara. Mimi naliona ni jambo zuri sana, kwamba hesabu iliruhusu watu wasiojuana kukunja kitu kimoja.

Hapa nataka kusema kidogo juu ya usahihi, kwa sababu watu wengi humaliza kukunja wakashindwa kuunganisha. Kosa la nusu milimita kwenye kipande kimoja halionekani kwa macho. Lakini safu moja ya sifongo la Mosely ina michemraba 27. Kila mmoja ukizidi nusu milimita, mwisho wa safu umezidi milimita 13.5, na safu ya jirani iliyokunjwa na mtu mwingine, mwenye mkono wa kubana, itakuwa imepungua. Hazitakutana. Kwa hiyo kazi ya vipande vingi inahitaji mtu mmoja wa kukagua, naye awe mpole na asione haya kurudisha kipande. Inahitaji pia kuchanganya: vipande vya mkono mmoja visikae vyote upande mmoja wa umbo, bali vitawanywe, ili kuzidi kwa huyu kufidiwe na kupungua kwa yule.

Na kwetu pwani kuna adui mwingine, nao ni unyevu. Karatasi hunywa maji ya hewa, hutanuka, na mkunjo wake hulegea. Vipande vilivyokunjwa asubuhi ya kaskazi kavu havifanani na vilivyokunjwa mvua za masika zikinyesha. Hifadhi karatasi kwenye ndoo yenye mfuniko, kunja juu ya meza kavu, bonyeza mkunjo kwa kitu kigumu kama kijiko, si kwa kucha tu. Karatasi zote zitoke pakiti moja. Umbo lililokamilika litundikwe mbali na jiko na mbali na dirisha linaloingiza upepo wa bahari.

Wapo wanaoniuliza, basi kwa nini tusitie gundi? Wajapani wana kusudama, mipira ya karatasi ambayo mara nyingi hushonwa kwa uzi au kugandishwa, nayo ni mizuri, siidharau. Hata hivyo kwa mwalimu naona gundi inaiba somo. Kipande kilichokunjwa vibaya kikitiwa gundi hukaa, na mkunjaji hajui kwamba alikosea. Bila gundi, umbo lenyewe linasahihisha. Linakataa kufunga, na hapohapo mwanafunzi anarudi kutafuta kosa lilipo, bila mwalimu kunyanyua kalamu nyekundu.

Siwezi kumaliza bila kuwataja watu ambao hawakukunja kwa ajili ya somo. Juni 6, 1993, meli iitwayo Golden Venture ilikwama mchangani karibu na ufuo wa Queens, New York, ikiwa na Wachina 286 waliokuwa wakijaribu kuingia Marekani, wengi wao kutoka mkoa wa Fujian. Watu kumi walikufa walipojaribu kufika ufukweni. Wengi wa walionusurika walifungwa, na kundi kubwa lilipelekwa gereza la York, Pennsylvania, likisubiri uamuzi wa maombi ya hifadhi. Baadhi walikaa humo karibu miaka minne, hadi Februari 1997. Ndani ya gereza walianza kukunja. Kurasa za magazeti na majarida zilikatwa na kukunjwa kuwa pembetatu ndogondogo, moja ikachomekwa katika nyingine, mamia kwa maelfu, mpaka zikawa tai wenye mabawa yaliyokunjuliwa, ndege wa aina aina, vyombo vya maua. Vingi walivitoa zawadi kwa mawakili na raia waliokuwa wakiwatetea bila malipo, na vingine viliuzwa kusaidia gharama za kesi. Kazi hizo zimeonyeshwa katika makumbusho, na mtindo ule wa pembetatu unaitwa kwa jina la meli yao hadi leo. Watu walionyang'anywa kila kitu isipokuwa muda waliutumia muda huo kwa kipimo kikubwa kuliko sisi tulio huru tunavyoutumia. Nawataja kwa heshima.

Sasa nina ombi kwenu walimu, na ni la kutekelezwa muhula huu. Katika nyumba nyingi za miji yetu kuna kadi za michango ya harusi zilizobaki baada ya sherehe kupita: ngumu, nyingi, za kipimo kimoja, zisizo na kazi tena. Ziombeni kwa kamati zilizomaliza kazi. Kadi iliyo kubwa mno ikateni, mradi zote ziwe sawa na urefu uzidi upana kwa kiasi cha kutosha ndimi mbili. Sifongo la ngazi ya kwanza linahitaji michemraba 20, yaani kadi 120, na vifuniko 72: jumla kadi 192. Darasa la wanafunzi 48 likikunja kadi nne kila mmoja limezipata, na muda wa vipindi viwili unatosha kukunja, kukagua na kuunganisha. Kabla ya kugawa kadi, waulizeni watoto watahitaji ngapi, na msiwape hata moja mpaka waipate 192 wao wenyewe.